Pikipiki yangu ya kwanza iwe ya aina gani?

"Shikamoo mwalimu. Nina umri wa miaka 31, urefu wangu ni sentimita 160 na uzito kilo 58. Nimeendesha gari kwa miaka minane, lakini pikipiki sijawahi. Nataka kununua moja ya kwendea kazini, kilomita 18 kwenda na 18 kurudi, na njiani kuna kipande cha barabara kuu ambako magari hukimbia kilomita 100 kwa saa. Jioni nyingine ningependa kumpitia mdogo wangu chuoni. Mfanyakazi mwenzangu anauza pikipiki yake ya mwendo kasi ya cc 600, ananiambia ninunue kubwa moja kwa moja kwa sababu ndogo nitaichoka baada ya miezi mitatu, na kwamba pikipiki nzito ndiyo inayotulia barabarani. Kaka yangu anasema mtu mfupi kama mimi asihangaike, anunue skuta. Nilipoikalia ile ya cc 600 niligusa chini kwa ncha za vidole tu. Pia kifundo cha mkono wangu wa kushoto kilivunjika miaka miwili iliyopita na hadi leo huchoka haraka. Ninunue ipi?"

Marahaba, na asante kwa kuuliza kabla ya kutoa fedha, maana maswali mengi ya namna hii hunifikia pikipiki ikiwa imekwisha kununuliwa na mwenyewe anatafuta wa kumwambia kwamba hakukosea. Katika maneno yako naona hofu mbili zinazovutana: kununua ndogo itakayokuchosha, na kununua kubwa itakayokushinda. Nakujibu wazi tangu mwanzo kwamba hiyo ya cc 600 usiinunue, na kwamba hulazimiki pia kuishia kwenye skuta kwa sababu ya urefu wako. Pikipiki inayomfaa anayeanza ni ile inayoyajibu makosa yake polepole. Utakosea, kama tunavyokosea sote tunapojifunza, na tofauti kati ya kosa la kuchekesha na kosa la kukuvunja mguu mara nyingi huwa ni jinsi chombo chenyewe kilivyolipokea kosa hilo.

Watu huulizana cc kana kwamba ni namba ya kiatu, ukishaijua basi umemaliza. Kwa kweli cc hupima tu nafasi ambayo pistoni huipitia ndani ya silinda, wala haikuambii injini ina nguvu kiasi gani au nguvu hiyo hufika vipi kwenye tairi la nyuma. Chukua Honda CB500F, yenye cc 471 na nguvu ya kilowati 35, ambayo ina uzito wa karibu kilo 190 ikiwa na mafuta. Pikipiki ya silinda nne ya cc 600 iliyoundwa kwa mfano wa zile za mashindano ina uzito unaokaribiana na huo, lakini hutoa zaidi ya kilowati 80. Kwa upande mwingine, Kawasaki KLR650, ambayo kwa hesabu ya cc ni kubwa kuliko zote mbili, ina silinda moja na haifikishi hata nusu ya nguvu hizo. Kwa hiyo anayekushauri "anza na mia sita" au "usizidi mia nne" hajakwambia jambo la kutosha.

Kipimo cha maana zaidi ni nguvu ikilinganishwa na uzito. Sheria za leseni za Umoja wa Ulaya zinatoa mfano mzuri wa kupimia, hata kwa mtu anayeishi mbali na huko. Daraja la kwanza la pikipiki haliruhusu kuzidi cc 125 na kilowati 11, na daraja linalofuata haliruhusu kuzidi kilowati 35 wala kilowati 0.2 kwa kila kilo ya uzito wa pikipiki. Ukigawanya kilowati 80 kwa kilo 190 unapata zaidi ya 0.4. Pikipiki ya mwenzako, basi, imezidi mara mbili ya kiwango walichokiona kinamfaa mtu ambaye bado hajaruhusiwa kuendesha kila kitu. Simlaumu mwenzako, kwa kuwa huenda yeye anaiendesha vizuri sana na ameshasahau ilivyokuwa siku za mwanzo.

Nguvu nyingi humdhuru mgeni kwa njia ambayo si kila mtu huifikiria. Wengi hudhani hatari ni tamaa ya kukimbia, na wewe pengine unajiambia kwamba ni mtu mtulivu na hutakimbia. Lakini ajali nyingi za wanafunzi hutokea kwenye mwendo mdogo, katika kuondoka au kukata kona ya uwanjani. Mpini wa kuongezea mafuta uko kwenye kiganja chako cha kulia na huongezwa kwa kuuzungusha kuelekea kwako. Pikipiki ikiruka mbele kuliko ulivyotarajia, kiwiliwili hubaki nyuma na mikono hunyooka. Ukining'inia kwenye usukani, kifundo cha mkono hushuka, na kushuka kwake ndiko kunakozungusha mpini na kuongeza mafuta zaidi. Mtu anaongeza mafuta huku akili yake yote ikitaka kusimama. Kwenye injini ya kilowati 11 tukio hilo huishia kwenye mruko wa mita chache na moyo kudunda, lakini kwenye ile ya mwenzako linaweza kukufikisha ukutani kabla hujakumbuka kuwa klachi ipo. Zaidi ya hayo, injini ya silinda moja au mbili ya matumizi ya kawaida hutoa msukumo wake mapema na kwa ulaini, wakati ile ya silinda nne ya kimashindano huonekana mpole injini ikizunguka taratibu, kisha nguvu zikafumuka kwa pamoja mizunguko inapopanda. Mwanafunzi huhitaji injini ambayo leo inafanya kile ilichofanya jana.

Sasa breki, jambo ambalo ningekuomba ulipe uzito kuliko injini yenyewe. Unapofunga breki, uzito wa pikipiki na wako huhamia mbele, tairi la mbele hukandamizwa chini na kupata mshiko zaidi, na la nyuma huwa jepesi na kuteleza kwa urahisi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya uwezo wa kusimama hutoka kwenye breki ya mbele, ile ya mkono wa kulia, ambayo wageni wengi huiogopa. Ukiibana polepole kisha ukaongeza, uzito unapata nafasi ya kuhamia mbele na tairi linashika. Ukiikamata kwa hofu mara moja, gurudumu hufunga kabla uzito haujafika na pikipiki hulala chini kwa kufumba na kufumbua. Ufundi huu hufundishika, lakini huchukua muda kuingia mkononi, na katika muda huo mfumo wa ABS, ambao huilegeza breki na kuirudisha mara nyingi kwa sekunde ili gurudumu lisifunge, ni mlinzi ambaye nisingekubali umkose. Si muujiza, kwa sababu ukifunga breki kwa nguvu huku umelala kwenye kona ABS ya kawaida haitakuokoa. Hata hivyo, kama ingebidi uchague kati ya pikipiki mpya zaidi isiyo na ABS na ya zamani kidogo iliyo nayo, ikiwa zote ni nzima, chukua yenye ABS.

Mwaka 1981, Profesa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California alichapisha uchunguzi wa ajali 900 za pikipiki za eneo la Los Angeles zilizochunguzwa palepale zilipotokea. Waliohusika, kwa kawaida, walikuwa na muda usiofika sekunde mbili wa kufanya lolote la kujiokoa, na wengi wao waliifunga breki ya nyuma kupita kiasi huku ya mbele wakiitumia kidogo mno. Kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, sekunde mbili ni karibu mita 33 za barabara. Jingine linakuhusu moja kwa moja: zaidi ya nusu ya wenye ajali walikuwa na uzoefu wa chini ya miezi mitano na pikipiki ileile waliyopata nayo ajali, ingawa kwa jumla walikuwa wameendesha kwa karibu miaka mitatu. Magari na barabara vimebadilika tangu wakati huo, lakini mikono yetu haijabadilika, na uchunguzi huo unaonyesha kwamba hata mzoefu huwa mgeni tena kila anapopanda chombo kipya.

Hoja kwamba pikipiki nzito hutulia ina ukweli kidogo, nao ni upepo: kwenye barabara kuu, lori linapokupita au upepo unapovuma ubavuni, pikipiki nyepesi husukumwa zaidi. Mbali na hapo, utulivu wa pikipiki inayokwenda hutokana hasa na mkao wa shokapu za mbele, umbali kati ya magurudumu na mzunguko wa magurudumu yenyewe. Uzito unauhisi pale usipoutaka, kwenye kugeuza katika maegesho, kusimama kwenye mteremko, au kuirudisha nyuma kwa miguu. Pikipiki ya kilo 190 ikisimama wima unaweza kuishika kwa mkono mmoja, lakini ikishaegemea kupita kiwango fulani, mtu wa kilo 58 hataizuia, na wala asijaribu kwa mgongo wake.

Hapo ndipo urefu wako unapoingia, na hapo kaka yako amepitiliza. Si lazima nyayo zote mbili zikae bapa chini. Ukisimama kwenye taa, mguu wa kushoto hushuka na wa kulia hubaki kwenye breki ya nyuma, hivyo unachohitaji ni wayo mmoja kukaa vizuri, au sehemu za mbele za nyayo zote mbili kugusa kwa uhakika. Ncha za vidole, kama ulivyogusa kwenye ile ya cc 600, hazitoshi kwa mwanafunzi, kwa sababu kokoto moja chini ya kiatu itakuangusha. Usisome tu kimo cha kiti kwenye karatasi ya maelezo. Kiti chembamba mbele huiacha miguu ishuke wima, na kipana huitanua na kukupunguzia urefu, na shokapu laini hushuka ukikaa. Ndiyo sababu pikipiki mbili zenye kimo kimoja cha kiti huweza kukufaa moja na kukukataa nyingine. Nenda umevaa viatu utakavyoendeshea, ikalie, iondoe kwenye stendi ya pembeni, isogeze nyuma hatua kadhaa ukiwa juu yake, kisha shuka uisukume ukitembea pembeni yake. Ukishindwa hayo dukani, pasipo foleni wala mvua, barabarani hutaweza.

Kuna watakaokwambia ununue ndefu kisha fundi aishushe. Inawezekana, lakini ukishusha upande wa nyuma peke yake unabadilisha namna pikipiki inavyokata kona, na stendi ya pembeni, iliyobaki na urefu wake, huiacha ikisimama wima mno hata kuangushwa na upepo. Kwa pikipiki ya kwanza ningeiepuka kazi hiyo.

Miaka yako minane ya gari ni mtaji. Unajua kusoma nia ya dereva kabla hajawasha taa ya kugeuka, na mwanafunzi wa miaka 18 hana hilo. Lakini viungo vyako vinaanza darasa la kwanza. Mkono wa kushoto una klachi, wa kulia una mafuta na breki ya mbele, mguu wa kushoto una gia na wa kulia una breki ya nyuma. Kona nazo ukishapita mwendo wa kutembea hukatwa kwa kuusukuma upande wa usukani wa kule unakotaka kwenda: sukuma kulia, pikipiki italala kulia. Mtu wa gari ambaye hakufundishwa hilo, akishtuka katikati ya kona, huuvuta usukani kama wa gari na kwenda asikotaka. Na mchanga, mafuta yaliyomwagika, rangi ya mistari ya barabara ikiwa na maji, vitu ambavyo gari lako huvipita bila wewe kujua, sasa vinakuwa habari muhimu.

Nirudi kwenye uchaguzi. Skuta ni chombo cha heshima, na nisingependa uidharau kwa sababu tu ya namna kaka yako alivyoipendekeza. Haina klachi, kwa hiyo kifundo chako cha kushoto kingepumzika, kiti huwa chini na mizigo ina mahali pake. Kasoro yake kwako ni magurudumu madogo, ambayo huingia ndani ya shimo badala ya kulivuka, na kwamba skuta ya cc 125 ikifika kilomita 100 kwa saa huwa imetoa karibu kila ilicho nacho. Kasoro hiyo ya pili inazihusu pikipiki zote za cc 125. Kama safari yako yote ingekuwa mitaani ningekwambia uchukue hiyo na usinijibu tena, lakini kwenye barabara kuu unahitaji akiba kidogo ya nguvu ya kumpisha anayekuja nyuma yako. Mwenzako, kwa hiyo, hakukosea aliposema kwamba ndogo sana ungeichoka, isipokuwa alikosea dawa.

Kwa safari uliyoieleza, ningetafuta pikipiki ya silinda moja au mbili kati ya cc 250 na 400, yenye nguvu isiyozidi kilowati 35, uzito usiozidi kilo 175 hivi, kiti kisichozidi sentimita 79, na ABS. Umbo liwe lile la kawaida, usukani ukikuruhusu kukaa wima na miguu ikiwa chini yako. Pikipiki za mwendo kasi hukuinamisha na kukutwisha mzigo kwenye vifundo vya mikono, jambo ambalo kwako ni sababu tosha ya kuziacha, na plastiki zake huvunjika siku ya kwanza utakapoiangusha ikiwa imesimama, siku ambayo karibu kila mtu huiona. Zile refu za njia mbovu huwa na kiti cha kimo cha sentimita 85 na zaidi. Mfano wa ninachokisema ni Yamaha MT-03, yenye cc 321, uzito wa kilo 168 na kiti cha sentimita 78. Honda Rebel 300 ina nguvu ndogo zaidi, uzito wa karibu kilo 170, na kiti cha sentimita 69 tu, kimo ambacho utakikanyagia kwa nyayo nzima. Sina haja ya kukusukuma kwenye kampuni yoyote. Chukua tarakimu hizo uende nazo popote, na umpe uzito yule mwenye vipuri na fundi karibu nawe.

Kununua iliyotumika ni jambo la busara kwa pikipiki ya kwanza. Mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha uguse injini kwa tahadhari, kwa kuwa iliyokwisha kupashwa moto huficha ugumu wa kuwaka. Moshi wa buluu ni dalili ya oili inayoungua ndani. Futa nguzo za shokapu za mbele uone kama zina oili, geuza usukani pande zote mbili uhisi kama unakwama katikati, na tazama kama cheni imelegea sehemu moja na kukaza nyingine. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi la zamani mno hukakamaa hata kama nakshi zake bado zimejaa. Namba ya fremu ilingane na hati. Hayo utayaona mwenyewe, lakini mlipe fundi asiyejuana na muuzaji aikague kabla hujalipa.

Fedha ya kofia ngumu iondoe pembeni kabla ya kuhesabu ya pikipiki. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2008 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za afya, yalikadiria kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Iwe inakubana mashavuni bila kuuma, na usinunue iliyotumika, kwa sababu iliyowahi kugonga chini haionyeshi kila mara.

Kuhusu mdogo wako, subiri. Abiria huongeza uzito juu na nyuma, pikipiki huwa nzito kusimama na nyepesi upande wa mbele, na kila kitu mikono yako ilichojifunza hubadilika. Mbebe pale utakapoweza kufunga breki ya dharura na kuondoka kwenye mlima bila kuwaza, jambo ambalo mwalimu anaweza kukuthibitishia. Angalia pia kwenye kitabu cha pikipiki uzito wa juu unaoruhusiwa, kwa kuwa nyingi za ukubwa huu hazikuundwa kwa watu wawili wazima na mizigo.

Yapo mawili ambayo maandishi yangu hayawezi kukufanyia. La kwanza ni darasa: jiandikishe katika shule ya udereva wa pikipiki kabla ya kununua, ujifunze kwenye pikipiki yao, na siku chache za uwanjani zitakuonyesha kama unataka klachi au la kuliko ushauri wa mtu yeyote. La pili ni hicho kifundo. Klachi ya pikipiki hubanwa mara nyingi sana kwenye foleni, na kifundo kinachochoka miaka miwili baada ya kuvunjika kinapaswa kuonwa na daktari wa mifupa au mtaalamu wa tiba ya viungo, umweleze waziwazi kwamba unataka kuendesha pikipiki kila siku. Akikuruhusu, uliza dukani pikipiki zenye klachi saidizi, ambayo hubanwa kwa nguvu ndogo na inapatikana kwenye nyingi za kisasa za cc 300 hadi 500, pamoja na kishikio kinachoweza kusogezwa karibu na vidole. Ukiona ganzi, maumivu yanayopanda mkononi au vidole kukosa nguvu wakati wa mafunzo, acha siku hiyohiyo na urudi kwa daktari. Akikukataza klachi kabisa, basi skuta ya cc 250 hadi 300, ambayo barabara kuu inaimudu, ndiyo itakayokuwa chaguo lako la kwanza.